Nani Anayelipa Msamaha wa Kodi wa Kanisa?

Kila mwaka ifikapo Juni, bajeti ya serikali inaposomwa Dodoma, hapa Bagamoyo huzuka ubishi ambao sijawahi kuuona ukiisha: je, makanisa yalipe kodi? Kwenye vibaraza vya kahawa swali hilo huulizwa kwa uchungu, kwa sababu waulizaji wengi ni watu wanaotozwa ushuru kila asubuhi, na hawaoni kwa nini jengo kubwa kuliko yote mtaani lisitozwe. Kwenye viwanja vya kanisa, baada ya misa, hujibiwa kwa uchungu zaidi, kwa sababu wanaojibu wanaona kwamba sadaka iliyotolewa kwa Mungu inataka kutiwa mkono na wanasiasa. Mimi ni Mkatoliki, ni mhazini wa jumuiya yetu ndogo ndogo kwa miaka mingi sasa, nakusanya bahasha za zaka kwa mikono yangu, kwa hiyo naandika kama mtu wa ndani. Ninachoamini ni kwamba ubishi huu tunauanza vibaya. Tunabishana kuhusu kanisa na serikali kana kwamba wahusika ni hao wawili tu. Yupo wa tatu, naye ni maskini asiyesali kwetu, ambaye hulipa sehemu ya kila tunachosamehewa sisi.

Niseme kwanza mambo ya kisheria, maana pande zote mbili hupenda kuyaruka. Si kweli kwamba kanisa nchini Tanzania halilipi kodi yoyote. Parokia ikienda dukani kununua saruji, mabati na nondo, inalipa VAT ya asilimia 18 kama anavyolipa mtu yeyote anayejenga chumba chake. Mwalimu, muuguzi na dereva walioajiriwa na jimbo wanakatwa PAYE, yaani kodi ya mishahara, pindi mishahara yao inapozidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Kwa upande mwingine, majengo ya ibada hayatozwi kodi ya majengo, na taasisi ya dini ambayo waajiriwa wake wanahudumia ibada peke yake haidaiwi ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo waajiri wengine hulipa. Kuhusu mapato, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inayatambua mashirika ya hisani, na jambo la kwanza inalolitaja inapoeleza shirika la namna hiyo ni kuwapunguzia watu umaskini na dhiki. Elimu, afya, maji na barabara zinafuata baadaye. Kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya hakutoshi kulipatia kanisa nafasi hiyo, bali Mamlaka ya Mapato lazima iombwe na iridhike. Naomba msomaji aushike mpangilio huo, kwa maana mbele ya sheria hatukusamehewa kwa sababu tunasali vizuri. Tulisamehewa kwa sababu ya maskini.

Serikali ilikwisha kujaribu kuigusa misamaha hii. Juni 2009, mwaka uleule ambao VAT ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 18, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mustafa Mkulo, alipendekeza kuondoa misamaha ya VAT iliyokuwa ikitolewa kwa asasi zisizo za kiserikali na mashirika ya dini. Viongozi wa dini walipinga kwa nguvu, na serikali ikarudi nyuma. Hoja iliyoshinda ilikuwa ileile ya sheria, kwamba hospitali zetu, zahanati zetu na shule zetu zinawahudumia wanyonge, na anayezitoza anamtoza mnyonge. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na bado ninaiamini kwa sehemu kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya kushinda hatukuulizwa, wala hatukujiuliza wenyewe, ni maskini gani hasa tuliokuwa tunawasemea, na walipata nini kutokana na ushindi ule.

Ninaye jirani, mama mtu mzima, Mwislamu, anayekaanga samaki pale soko la samaki ufukweni. Alfajiri hununua vibua na changu kwenye mnada, huwaparua na kuwachana, huwatia chumvi, kisha huinama juu ya karai kubwa lililotegwa kwenye moto wa kuni mpaka jua linapokuwa kali. Kabla hajauza samaki wa kwanza amekwisha kulipa ushuru, na risiti ndogo ya mashine ameikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Jioni hurudi kwenye chumba alichopanga, katika nyumba ya matofali yenye wapangaji kadhaa wanaotumia mita moja ya LUKU na kuchangishana kwa zamu. Siku moja aliniletea simu yake nimsomee ujumbe wa umeme, kwa sababu alihisi kuwa amepunjwa. Zamu yake ilikuwa imeangukia mwanzo wa mwezi, akanunua umeme wa shilingi 2,000, na shilingi 1,500 zilikwenda moja kwa moja kwenye kodi ya jengo. Zikabaki shilingi 500, nazo zikakatwa VAT asilimia 18, fungu la umeme vijijini asilimia 3 na lile la mdhibiti asilimia 1, ndipo akapata umeme.

Hakuwa amepunjwa na mtu. Ndivyo utaratibu ulivyo tangu Julai 2023, wakati kiwango cha nyumba ya kawaida kilipopanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Kodi ya jengo kwa haki ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na sijaona mpangaji mtaani kwetu anayethubutu kumwendea mwenye nyumba wake kudai arudishiwe. Tena kiwango ni kimoja kwa nyumba yoyote isiyo ya ghorofa, iwe ya vyumba viwili vya kubanana au ya bwana mwenye bustani na magari matatu uani. Wajerumani walipotangaza kodi ya kibanda mwaka 1897 waliwatenda wazee wetu namna hiyohiyo: walihesabu vibanda, hawakuhesabu uwezo wa aliyelala ndani, na aliyekosa fedha akalipa kwa kazi.

Sasa tazama pale kodi hii inapokutana na kanisa. Serikali inahitaji kiasi fulani cha fedha kuendesha nchi, na kila inapomsamehe mmoja, pengo hilo haliachwi wazi. Linazibwa kwa kodi za aina ambayo hakuna anayeweza kuzikwepa: VAT iliyomo kwenye sabuni, ushuru wa bidhaa ulio kwenye vocha ya simu, makato ya umeme. Kati ya kila shilingi 1,180 ambazo jirani yangu anatoa kununua sabuni ya kufulia aproni yake, shilingi 180 ni kodi, ile ile kamili anayolipa mkurugenzi wa benki akinunua sabuni hiyo. Mkurugenzi haisikii, jirani yangu anaisikia. Msamaha wowote, uwe wa mgodi, wa mwekezaji, wa kanisa au wa msikiti, una mlipaji, na mara nyingi mlipaji ni mtu kama jirani yangu.

Nilimweleza jambo hili kwa upole, nikidhani atakasirika. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, msikiti wetu nao haulipi. Nyumba ya Mungu haitozwi. Lakini kama nawachangieni, si mngeniambia mnafanyia nini?" Nimekuwa nikiibeba hoja hiyo tangu siku hiyo, kwa sababu imepita katikati ya ubishi wetu wote. Hakusema tutozwe. Alichotaka ni hesabu.

Kwa upande wangu, sadaka na zaka zisitozwe hata senti, na sababu yangu ya kwanza ni ya kihazini tu. Bahasha ninazopokea zinatoka kwa watu ambao fedha yao imekwisha kupita mikononi mwa serikali mara kadhaa. Mvuvi ameshalipa leseni na ushuru, mwalimu ameshakatwa PAYE, na mama lishe ameshalipa VAT kwenye sabuni. Kilichobaki, wanapokiweka kwenye kikapu, si faida ya mtu yeyote. Kukitoza pale ni kumtoza mtoaji kwa mara nyingine kwa kosa la kuwa mkarimu, na kwa kuwa katika makanisa mengi ya kwetu watoaji ni maskini kuliko matajiri, kodi hiyo ingekuwa ya maskini kwa jina lingine.

Sababu ya pili ni ya hofu, na siionei haya. Mkono unaokusanya kodi unaweza pia kukaba koo. Mwaka 2018, maaskofu Wakatoliki walipotoa ujumbe wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT wakatoa wa Pasaka, wakizungumzia uhuru wa watu na hali ya siasa nchini, Walutheri waliandikiwa barua kutoka ofisi ya msajili wakitakiwa kuukana waraka wao, mpaka waziri mwenyewe alipojitokeza na kuikana barua hiyo. Agosti 2023, Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, wapo waliosema hadharani kwamba maaskofu warudi altareni. Fikiria siku hizo kama kila parokia ingekuwa na faili la sadaka mezani kwa ofisa wa kodi. Ukaguzi ungeweza kuja wiki inayofuata barua ya kichungaji, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Maskini hupoteza sana pale sauti ya mwisho inayomsemea inapoogopa kukaguliwa.

Lakini hoja hizi mbili, ambazo nazishika kwa dhati, hazilindi kila kitu kilicho ndani ya ukuta wa kanisa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Kanisa likijenga fremu za maduka kando ya barabara na kuzipangisha, kodi ya pango inayoingia si sadaka. Ukumbi wa harusi unaokodishwa Jumamosi kwa mtu yeyote mwenye fedha, hosteli inayopokea semina, nyumba ya wageni inayogombea watalii na nyumba nyingine za mjini, duka linalouza maji na mafuta yaliyoombewa kwa bei inayozidi ya dukani mara kadhaa, yote hayo ni biashara. Upande wa pili wa barabara yupo mjane wa Kikristo au wa Kiislamu aliyejenga fremu moja kutokana na mirathi, na mpangaji wake anatakiwa kumkata asilimia 10 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango na kupelekwa serikalini. Tukijificha nyuma ya msalaba ili tusikatwe, tunamshinda mjane huyo sokoni kwa msaada wa fedha yake mwenyewe.

Chukulia mfano wa fremu moja inayopangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 2,400,000, na asilimia 10 yake ni 240,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, maana yake kodi ya fremu moja ni kadi za kaya nane, watu arobaini na wanane. Najua atakayenijibu, kwamba shilingi hiyo ikifika serikalini hainunui kadi za CHF, na kwamba ripoti ya Mkaguzi Mkuu kila mwaka imejaa fedha za umma zilizopotea. Ni kweli, na inauma. Ila jibu hilo linafaa kutolewa na mtu ambaye fremu zake zimekwisha kununua kadi za kaya nane. Anayeikataa kodi kwa hoja kwamba atawahudumia maskini vizuri kuliko serikali lazima awe anawahudumia.

Injili ya Mathayo, sura ya 17, ina kisa kinachotuhusu sana sisi watu wa pwani. Watoza kodi ya hekalu walimwendea Petro wakamwuliza kama mwalimu wake halipi. Yesu alimweleza Petro kwamba kwa haki wana wa mfalme ni huru, hawadaiwi, lakini ili wasiwakwaze watu, aende baharini atupe ndoana, na katika kinywa cha samaki wa kwanza atakuta fedha ya kuwatosha wote wawili. Mahubiri mengi hukaa kwenye muujiza wa samaki. Mimi huvutwa na mambo mawili mengine: kwamba alilipa ingawa alijiona ana haki ya kutolipa, na sababu aliyoitoa ni watu wanaotazama, na kwamba fedha ile ilitoka kwenye uvuvi, kazi ya Petro, haikutoka kwenye mfuko wa sadaka ambao Yohana anatuambia Yuda ndiye aliyekuwa akiutunza. Kwangu mimi mpaka umechorwa hapo. Mfuko wa sadaka uachwe, ndoana ilipe.

Bagamoyo inapaswa kulielewa hili kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, wakati mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na pembe za ndovu zilishushwa mabegani, na watumwa wakafikishwa, palepale ufukweni. Padri Antoine Horner na wenzake, kwa ridhaa ya Sultani wa Zanzibar, walipata ardhi, wakawakomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji, wakalima na kupanda minazi. Maisha ya kijiji kile yalikuwa magumu na yenye amri nyingi, na siyapambi. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza kanisa lile lilikuwa la nani. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipoufikia mji huu mwaka 1888, maelfu ya watu walikimbilia kwenye eneo la misheni kujihifadhi, na mlango haukufunguliwa kwa kuonyesha cheti cha ubatizo. Kama wakati ule ungemwambia mtu wa mji, Mwislamu, kwamba ardhi ya misheni haitozwi kitu, sidhani kama angeona ameonewa, kwa sababu faida yake aliijua kwa mwili wake.

Leo sehemu kubwa ya kinachoonekana cha kanisa kwa mtu wa nje ni shule yenye basi la rangi ya njano. Elimu bila ada katika shule za serikali ilianza Januari 2016, na watoto wa jirani yangu walisoma huko, wakirundikana madarasani. Shule nyingi za kanisa, ambazo babu zetu walizijua kama mahali ambapo mtoto wa mkulima angeweza kupata kitabu, sasa zinatoza ada ambayo mkulima hawezi hata kuitamka bila kusita. Nawaelewa wakuu wa shule hizo. Walimu wazuri wanataka mshahara, maabara inataka fedha, na serikali ilipozichukua shule za misheni baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, kanisa lilianza upya karibu mikono mitupu. Hata hivyo, shule inayochukua watoto wa wenye uwezo peke yao, ikajaza bweni kwa ada zao, haiwezi kwenda Mamlaka ya Mapato ikiwa imevaa nguo za misheni ya mwaka 1868. Ama iwe na nafasi za kweli za watoto wa maskini, kwa idadi inayojulikana, au ilipe kama shule yoyote ya mfanyabiashara.

Hospitali ninaziweka kando na shule, na sifanyi hivyo kwa upendeleo. Tangu mkataba wa makubaliano wa Februari 1992 kati ya serikali na makanisa, yale ya Kikatoliki chini ya TEC na yale ya Kiprotestanti chini ya CCT, kumekuwa na njia rasmi ya kushirikiana katika huduma za jamii, na hospitali nyingi za kanisa zimefanya kazi kama hospitali teule za wilaya, serikali ikilipa mishahara ya baadhi ya watumishi. Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi zinapokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mizima. Huku kwetu pwani, upande wa Tanga, watu wa Muheza wanajua maana ya Hospitali Teule, iliyokuzwa na Waanglikana, kwa mama mwenye uzazi mgumu aliyeletwa usiku kutoka milimani. Kuzitoza hospitali za namna hiyo kodi ya mapato ni kuongeza bei ya dawa na kitanda, na bei hiyo haina pengine pa kuangukia isipokuwa kwa mgonjwa. Waislamu ambao walilalamikia mkataba ule wa 1992, kwamba fedha za umma zinapitia kanisani, walikuwa na hoja ya haki, na jibu la haki lilikuwa kuonyesha vitabu vya wagonjwa: nani alitibiwa, kutoka kijiji gani, kwa bei gani, na nani alisamehewa. Vitabu hivyo vipo, ila kwa kawaida vimefungiwa kabatini.

Kuna jambo moja linaloniumiza kuliko fremu na shule, nalo halina sheria ya kodi inayoweza kulitibu. Katika makanisa kadhaa, si ya dhehebu moja, imekuwa desturi kuangalia kadi ya zaka kabla ya kuzika. Niliwahi kukaa na familia iliyofiwa, usiku wa manane, mwili ukiwa bado hospitali, wanawake wakikusanya noti za elfu moja moja kwenye kanga ili kulipa deni la zaka la marehemu, maana walikuwa wameambiwa kwamba vinginevyo hatakuja kiongozi kusoma ibada kaburini. Marehemu alikuwa mbeba mizigo. Watoza kodi wa serikali, pamoja na ukali wao wote, hawajawahi kusimama kati ya maiti na kaburi. Ukiisoma Luka, utaona kwamba habari ya mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina inakuja mara tu baada ya Yesu kuwaonya watu dhidi ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Tunaisoma habari ya mjane siku ya mavuno na tunaliacha onyo lililoitangulia.

Wala zaka yenyewe haikuwekwa kwa ajili ya majengo peke yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu fungu la kumi liwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mgeni ametajwa humo pamoja na yatima, mtu asiye wa kabila wala wa ibada ile. Kwa maneno mengine, jirani yangu wa karai la samaki alikuwemo kwenye bajeti ya zaka kabla ya kuwapo TRA.

Nchi nyingine zimechukua njia zao. Ujerumani, serikali yenyewe hukusanya kodi ya kanisa kutoka kwa waumini walioandikishwa, asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato kulingana na jimbo, na fedha za waumini wa kule zimejenga zahanati na visima vingi huku kwetu. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1970, katika kesi ya Walz, kwamba kutoyatoza makanisa kodi ya majengo hakuvunji katiba, na makanisa hayalazimiki kuwasilisha ile taarifa ya fedha ya kila mwaka ambayo mashirika mengine ya hisani huwasilisha. Rwanda, tangu mwaka 2018, sheria inawataka wakuu wa madhehebu wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, na maelfu ya nyumba za ibada yamefungwa kwa kutotimiza masharti. Sitamani hata moja kati ya hayo yaletwe Bagamoyo kama yalivyo. La Wajerumani linamfanya padri kuwa mtumishi wa hazina, la Wamarekani linaficha hesabu, na la Rwanda linaiachia serikali kuamua nani ahubiri.

Ninalotaka ni dogo kuliko hayo na linaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Kanisa litenganishe vitabu viwili, cha sadaka na cha biashara, kwa akaunti mbili za benki. Biashara ilipe kodi yake yote, kwa hiari na kwa wakati, pamoja na zuio la fremu. Na kile ambacho sheria inatusamehe tukikadirie kwa shilingi kila mwaka, kisha tuandike pembeni yake kile ambacho maskini wa mji huu, wa dini yoyote, amepata kutoka kwetu: vitanda vilivyosamehewa, ada zilizolipwa, kadi za bima, majeneza. Karatasi hiyo ibandikwe nje, upande wa barabara, ambako asiyeingia kanisani anaweza kuisoma. Namba ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, tofauti yake ni deni, na tuilipe mwaka unaofuata.

Nimelipeleka pendekezo hili kwenye kamati ya fedha. Baba Paroko alilisikiliza kwa makini na akaomba muda wa kuwasiliana na jimbo, jambo ambalo ni haki yake. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu sana, alipinga kubandika karatasi upande wa barabara. Alisema, "Mwanangu, ya ndani ya nyumba hayatolewi nje, na watu wa mji watayatumia kutusema." Nilimjibu kwamba watu wa mji wanatusema tayari, na kwamba sehemu ya nyumba hii wameijenga wao bila kuulizwa. Hakukubali, ila alikubali kwamba hesabu ya fremu itenganishwe kuanzia Julai, na mtu wa TRA aalikwe kutueleza utaratibu wa zuio. Hoja ya karatasi imeahirishwa hadi kikao kijacho, na kabla ya hapo nimepewa kazi ya kukadiria, kwa kadiri vitabu vyetu vinavyoruhusu, kiasi tulichosamehewa mwaka uliopita na majina ya familia zilizosaidiwa. Safu ya kwanza nimekwisha kuijaza. Ya pili bado ninazunguka kwa viongozi wa jumuiya kuikusanya, na nimewaomba waniandikie pia wale waliosaidiwa ambao si waumini wetu.